Mwiko wa Darasa la Tatu

Ukiniuliza ni maumivu gani yanayozidi ya jino, nitakujibu bila kupepesa macho: ni kumwona shemeji yako amesimama mahali uliposimama wewe miaka thelathini na miwili, na watu wanamsikiliza.

Mahali penyewe ni baraza ya mbele ya shule yetu kongwe, kati ya nguzo ya tatu na ya nne. Ukisema pale kwa sauti ya kawaida, ukuta unakurudishia maneno yakiwa yamenenepa kidogo. Aliyepagundua ni mimi. Nilikuwa fundi wa shule, mwashi niliyejifunza kwa kutazama mikono ya wenzangu, na kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kulitunza jengo: kuziba panapovuja, kupaka chokaa, kubadilisha vigae vilivyopasuka. Kazi ambayo haikuandikwa popote ilikuwa kulisimulia. Mzazi akija kuandikisha mtoto, mkaguzi akija kukagua, walimu walisema, "Mwiteni Mzee Chumvi awatembeze." Ndilo jina walilonipa. Wanadai natia chumvi. Mimi nasema historia isiyotiwa chumvi huoza.

Na jengo lilistahili. Ghorofa moja ya mawe na chokaa, kuta nene hata nikawa nawaambia wageni kwamba mkaguzi mmoja alichungulia dirishani Jumatatu akatokeza upande wa pili Jumatano. Nguzo za mbele ni saba, na ya saba imewazidi wenzake unene: nilisema fundi aliijenga wiki aliyooa, akawa anakula vizuri. Ngazi nayo ina hatua kumi na saba ukipanda na kumi na nane ukishuka, kwa sababu hatua moja ina aibu, hujificha mtu akiikabili uso kwa uso.

Hadithi yangu kuu, hata hivyo, ilikuwa ya Darasa la Tatu, chumba cha mwisho upande wa mashariki. Nilisema ukuta wake wa dirishani ni mwiko kuugusa. Fundi wa kwanza ndiye aliyeuwekea katazo, na atakayeuegemea atasahau kuzidisha kwa saba. Watoto walipita kando ya ukuta ule kiubavu-ubavu, kama wanapita mbele ya mbwa. Walipokuwa wazazi wakawaonya watoto wao. Mwisho hata walimu walisogeza madawati. Uongo ukishafika umri fulani, hata aliyeuzaa huuamkia shikamoo. Mimi mwenyewe nikipita karibu na ukuta ule nilikuwa nakunja mkono usiguse.

Basi mwaka wa sita tangu nistaafu, shule ikatimiza miaka mia. Mwalimu Mkuu, mama mmoja ambaye niliwahi kumshusha paani kwa ngazi alipokuwa darasa la tano, akatuita watumishi wa zamani na wazazi kwenye ukumbi wa juu. Nilikuwa nimelipiga koti pasi. Nilikuwa nimefanya hata mazoezi ya kushangaa nitakapotajwa.

"Siku ya sherehe," akasema, "tunahitaji mtu mmoja wa kuwatembeza wageni na kuwaeleza historia ya jengo. Mtu anayelijua ndani na nje."

Nikakohoa, nikaanza kuinuka.

"Na mtu huyo ni Bwana Rula."

Nilikuwa nusu nimesimama. Ikabidi nijifanye nanyoosha goti.

Bwana Rula ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu. Maisha yake yote alikuwa mchora ramani za majengo, na hata mkate anaukata kwa mstari. Kumbe alikuwa ameingia stoo ya shule akakuta sanduku la mbao, na ndani yake ramani ya kwanza ya jengo pamoja na daftari la mwashi aliyelijenga. Sanduku lile nalijua. Nililikalia miaka thelathini na miwili nikinywa chai.

Mwalimu Mkuu alinifuata mlangoni. "Mzee Chumvi, usinielewe vibaya. Mgeni rasmi ni mhandisi, tena alisoma hapa hapa. Safari hii tunataka ukweli mtupu."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa mstari wa mbele. Kiti chenye mto."

Nyumbani nililitupa koti kitandani. Mke wangu akalitazama koti, akanitazama mimi.

"Wivu huo."

"Si wivu. Ni uchungu wa mtu wa taaluma."

"Taaluma ipi, ya kudanganya?"

"Mama watoto, mimi nilikuwa naburudisha."

"Wanao wote wana watoto wao sasa, na hadi leo hawaegemei ukuta."

Nikalitundika koti, maana hilo lilikuwa kweli.

Kuanzia wiki iliyofuata nikawa na shughuli nyingi shuleni. Siku ya kwanza nilikwenda kuulizia mwamvuli niliousahau. Siku ya pili nilikwenda kuurudisha kwa sababu haukuwa wangu. Na kila nikifika namkuta shemeji, penseli sikioni, futi ya chuma mkononi, na kifuani kibandiko kilichoandikwa MSIMULIZI RASMI. Miaka thelathini na miwili sikupewa hata pini.

"Shikamoo babu," watoto watatu wakaniamkia chini ya ngazi.

"Marahaba. Hebu niambieni, hatua ni ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na mkishuka?"

"Kumi na saba, babu. Bwana Rula ametuhesabisha mara nne."

Nilijisikia kama mtu aliyerudi safari akakuta jirani ameipaka nyumba yake rangi.

Nguzo ya saba nayo akaiua. Aliwaonyesha kwamba ndani yake wajenzi walipitisha bomba la kushushia maji ya mvua kutoka paani, ndiyo maana ni nene. Akawaambia watege sikio. Walipotega, mwenzao mmoja akamimina ndoo ya maji kule juu, na nguzo ikaguguma kama tumbo la mwenye njaa. Watoto wakapiga kelele za furaha. Akawaonyesha matundu ya juu ya madarasa, karibu na dari: hewa ya moto hupanda ikatokea pale, hewa ya baridi ikaingia kwa chini. Akawaeleza kwamba chokaa ya zamani haizibi ukuta kama simenti, huuacha ukuta unapumua.

Ukuta unapumua! Nilishika nguzo nisianguke. Uongo mtamu kiasi hicho, na mtu anaupata bure kwenye kitabu, na tena ni kweli! Hilo ndilo lililoniumiza. Ningevumilia kama ukweli wake ungekuwa unachosha. Watoto walikuwa wamepanga mstari, mashavu ukutani, wanapumua pamoja na jengo, na mimi nimesimama na mwamvuli wa mtu.

Zikabaki wiki mbili. Alasiri moja nilikuwa mlangoni kwangu nagongelea mguu wa kigoda, nikasikia, "Hodi shemeji!"

"Karibu, Msimulizi Rasmi."

"Acha hizo. Nimekuletea zawadi." Akaketi, akafungua begi, akatoa daftari lenye kurasa za rangi ya chai. "Nimekuwa nikijisikia vibaya, shemeji. Nguzo yako nimeiharibu, ngazi yako nimeiharibu. Lakini hapa, hapa umenishinda. Soma."

Wino ulikuwa umefifia, ila ulisomeka: Mwiko uko ukutani, Darasa la Tatu, mashariki, juu ya dirisha. Usiondolewe.

"Unaona?" Macho yake yaling'aa. "Mwiko wako! Umeandikwa tangu miaka mia iliyopita! Na mimi nilidhani umeutunga mwenyewe."

Hapa naomba unisikilize vizuri. Neno mwiko lina nyumba tatu. Nyumba ya kwanza ni katazo. Nyumba ya pili iko jikoni, ule wa kukorogea chungu. Nyumba ya tatu ni ya waashi: lile bapa la chuma lenye mpini, la kuchotea chokaa na kuisawazisha. Mtu aliyeshika penseli maisha yake yote akiona mwiko kwenye maandishi huona katazo, hasa kama amekaa miaka mingi akisikia porojo za shemeji yake. Mimi niliona chuma. Aliyeandika daftari lile alikuwa mwashi, na mwashi hapotezi wino kwa mambo ya mizimu. Mwiko wake ulikuwa ndani ya ukuta, basi, na alitaka uachwe huko.

Mke wangu akatoa kichwa jikoni. "Mwiko gani mnautafuta? Wangu huu hapa." Akauinua, unachuruzika.

"Si huo, mama," shemeji akacheka. Kisha akanigeukia, akapunguza sauti, kama mwanafunzi. "Wewe ndiye mjuzi. Unaonaje, ni katazo la namna gani?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema kweli. Nakuapia, ulikuwa umeshainuka. Kisha nikakiona kile kibandiko kifuani pake.

"Zito," nikasema.

"Zito?"

"Zito mno. Mambo ya kiapo hayo."

"Niliandike kwenye kibao cha ukutani?"

"Kwa herufi kubwa, shemeji."

Alipoondoka, mke wangu akanikazia macho. "Mbona unatabasamu kama paka aliyesikia mfuniko wa maziwa?"

"Nafurahia maendeleo ya familia."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Siku ya sherehe, mbele ya mgeni rasmi, ningesimama, ningegonga lipu ya ukuta ule, ningeutoa mwiko wa miaka mia na kuuinua juu. Bwana Rula angebaki na kibao chake cha katazo, na watu wangeuliza: kwa nini hamkumpa kazi hii yule mzee?

Kibao kikawekwa. HAPA PANA MWIKO, kiliandikwa. WALIOLIJENGA JENGO HILI WALIKATAZA UKUTA HUU KUGUSWA. Nilikwenda kukisoma mara tano. Siku ya tano nikakutana na mdogo wangu langoni, amebeba kanzu ya sherehe ya mumewe kutoka kwa fundi cherehani.

"Kaka, asante."

"Ya nini?"

"Ya kumsaidia mume wangu. Halali vizuri, anaogopa kusema kitu cha uongo mbele za watu. Kila siku ananiambia, angalau lile la mwiko nina uhakika nalo, nimemwuliza shemeji."

Nikamwambia hakuna shida. Nilipofika kona nikasimama kidogo. Ningeweza kurudi. Lakini wivu ni kama kiatu kipya, kadiri kinavyokubana ndivyo unavyozidi kutembea nacho ili watu wakione.

Siku ikafika. Kiti changu chenye mto nilikikuta mstari wa mbele, nikakiachia koti likikalie. Mimi nilijiunga na msafara wa wageni nikiwa na mfuko, na ndani ya mfuko nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kuchongea ukuta. Shemeji aliongea vizuri. Sitasema zaidi ya hapo. Mgeni rasmi, mhandisi mnene mwenye miwani, alitega sikio kwenye nguzo ya saba akacheka kama mtoto. Walihesabu ngazi. Walipumua na ukuta. Kila kicheko nilikipokea mimi, kifuani, kama kofi.

Tukaingia Darasa la Tatu, watu kama arobaini. Mdogo wangu alikuwa mstari wa pili. Shemeji akasoma kibao, akaeleza habari za daftari. Nikanyoosha mkono.

"Swali."

"Karibu, shemeji."

"Umesema mwiko. Mwiko upi?"

"Katazo."

"Mwashi akiandika mwiko uko ukutani, wewe unaelewa katazo? Ungemwuliza mwashi."

"Nilimwuliza," akasema taratibu. "Nilikuuliza wewe."

Watu wakanigeukia. Nikasikia masikio yakipata moto, lakini nilikuwa nimeshapanda juu ya mti na ngazi imeondolewa.

"Basi nilikuwa natania. Leo sitanii. Ndani ya ukuta huu kuna mwiko wa kujengea, chuma na mpini, wa aliyejenga shule hii. Mwalimu Mkuu, niruhusu nigonge nimwonyeshe."

Mwalimu Mkuu akamtazama mgeni rasmi kwa macho ya kuomba msamaha. Mhandisi akasogeza miwani. "Utagonga jiwe au lipu?"

"Lipu tu, mheshimiwa."

"Mwacheni. Kama upo nataka kuuona."

Nikavuta dawati, nikapanda. Umri wangu haukubaliani na madawati, ila wivu hauulizi umri. Na tena wivu una macho ya mbele tu, kisogoni hauna. Ungekuwa nayo, ningekumbuka jambo fulani kabla ya kuinua nyundo.

Pigo la kwanza. La pili. La tatu, tindo likazama kama kisu kwenye mkate. Ukuta wa jiwe hulia ukigongwa, wewe fundi unausikia hadi kwenye meno. Ule ulisema puff, kama mto wa kulalia. Kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikaachia, na nyuma yake yakaanza kumwagika madaftari. Madaftari ya shule. Kumi, ishirini, thelathini, yamejikunja, yananuka uvundo, yanamwangukia mgeni rasmi kwenye viatu.

Ndipo nikakumbuka.

Miaka ishirini na minane nyuma, ufa uliingia begani mwa dirisha lile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, nami niliuziba: nilichukua rundo la madaftari ya hesabu yaliyokuwa yanangoja kuchomwa, nikayashindilia ndani, nikapaka lipu juu, nikawahi kwenda kutazama mpira. Lipu ile isingestahimili hata mtikiso wa bega la mtoto akiegemea ukuta chini yake. Kwa hiyo kesho yake nikawaambia watoto ukuta ule ni mwiko kuugusa. Hadithi yangu kuu ilizaliwa pale, mtoto wa uvivu wangu, na nilikuwa nimeilea hadi nikasahau kwamba ni mwanangu.

"Mzee Chumvi?" Mwalimu Mkuu alisema. "Ni nini hiki?"

Mimi niliyekuwa na jibu la nguzo, la ngazi, la mkaguzi aliyepotea dirishani. Nikaitazama nyundo kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Kwenye mstari wa pili mdogo wangu alikuwa ameshika kichwa.

Shemeji akainama. Akaokota daftari moja, akatazama tarehe kwenye jalada, akanitazama mimi pale juu. Alikuwa na kila haki ya kunimaliza. Akakohoa.

"Mabibi na mabwana, sikutaka kulisema hili mapema, kwa sababu nilimwahidi shemeji yangu kwamba atalifungua mwenyewe." Akanyamaza kidogo. Huo ukimya nilikuwa nautumia mimi, pale kati ya nguzo ya tatu na ya nne! "Miaka ishirini na minane iliyopita, fundi huyu aliona madaftari ya watoto yanapelekwa motoni. Akajisemea: majina ya wakubwa waliolizindua jengo hili yamechongwa mlangoni, lakini watoto waliolijaza hawana hata mstari. Ukutani kulikuwa na ufa. Fundi mwingine angeuonea aibu. Yeye akaufanya kabati. Akawaweka watoto ndani ya ukuta, pamoja na makosa yao yote, akawawekea mwiko ili wasisumbuliwe na mtu hadi shule itimize mia. Leo ameufungua kwa mkono wake."

Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mwalimu Mkuu alikuwa anajifuta macho. Mgeni rasmi aliokota daftari lililomwangukia kiatuni, akalifungua, akafuata mistari kwa kidole.

"Huu ni mwandiko wangu," akasema.

"Umepata ngapi?" mtu akauliza.

"Tatu kwa ishirini." Akalikunja, akalitia mfuko wa ndani wa koti, na darasa zima likaangua kicheko.

Utadhani nilishukuru. Mtu mwema angeshukuru. Mimi pale juu ya dawati nilipatwa na wivu mpya uliouzidi wa kwanza kama nguzo ya saba inavyozizidi nyingine. Uongo ule ulikuwa mzuri! Ulikuwa na moto, ulikuwa na watoto, ulikuwa na machozi mahali pake. Na vifaa vyote vilikuwa vyangu: ufa wangu, madaftari yangu, mwiko wangu. Yeye alikuja na mdomo tu. Mtu ambaye halali kwa kuogopa kusema uongo, anasema mmoja maishani, na unakuwa bora kuliko yangu yote.

Nikageukia ukuta kwa hasira. Nikaingiza mkono kwenye shimo, nikapapasa juu kuelekea kwenye tao la dirisha, na vidole vikagusa baridi. Chuma.

"Mwiko!" nikapiga kelele. "Si niliwaambia? Mwiko huu hapa!"

Kila mtu akasogea. Mpini ulikuwa umeliwa na wadudu, bapa lenyewe limejaa kutu, limechomekwa kati ya mawe mawili. Nikalishika nilivute, nimwonyeshe, niwaonyeshe wote. Likasogea upana wa ukucha. Vumbi likanimwagikia machoni.

"Shemeji, usiutoe!"

Alikuwa ameshalifikia dawati, amenishika mguu. Hakuwa anacheka. "Usiondolewe," alisema. "Imeandikwa usiondolewe. Tazama umechomekwa wapi."

Nikatazama. Mawe ya tao hupangwa kama watu waliobanana kwenye benchi, na lile la kati ndilo linalowabana wote wasianguke. Jiwe la kati la tao lile lilikuwa limechongwa dogo. Mwashi wa miaka mia nyuma alilikosea, akakosa jingine, akachomeka mwiko wake mwenyewe pembeni uwe kabari. Akaondoka kazini mikono mitupu, na tao likasimama. Ufa wangu ulikuwa umetokea hapo hapo. Kama siku ile ningechimba badala ya kukimbilia mpira, ningeuona.

Mhandisi akapanda dawati la pili, akamulika kwa simu yake. "Bwana Rula yuko sahihi," akasema. "Ukiuvuta huu, dirisha linatufuata sote."

"Kwa hiyo mzee naye yuko sahihi," Mwalimu Mkuu akasema. "Ni mwiko wa kujengea."

"Na ni mwiko kuuondoa," shemeji akamalizia.

Wakampigia makofi tena. Yeye. Kwa hilo pia! Ndani ya robo saa alikuwa amenishinda kwa uongo, kisha akanishinda kwa ukweli, na kibao chake cha ukutani hakikuhitaji kufutwa hata herufi moja.

Baadaye tuliketi wawili kwenye baraza, chini ya nguzo ya saba. Alikuwa amevua kile kibandiko, anakigeuzageuza.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ungeniacha niaibike."

"Ningekuacha."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mke wangu alikuwa ananitazama, shemeji. Na wewe ulikuwa juu ya dawati unatetemeka. Ningefanyaje?"

"Ungenipa nafasi niutunge mwenyewe."

Akacheka hadi penseli ikaanguka kutoka sikioni. Mimi sikuwa nacheka.

Tangu hapo ukuta umewekewa kioo mahali pale, mwiko unaonekana juu, madaftari yamepangwa chini. Kila Jumamosi wageni wanakuja, na shemeji, mtu wa rula, anawasimulia kabati la watoto. Ameanza kulinogesha. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeyaokoa madaftari yasichomwe. Mwezi wa pili nikawa nimeyatoa motoni kwa mikono. Watu wananitazama vidole.

Jumamosi iliyopita nilishindwa. Alipofika kwenye moto nikasimama katikati ya darasa.

"Si kweli!" nikasema. "Sikuokoa kitu. Niliziba ufa kwa madaftari kwa sababu ya uvivu, nikawatisha watoto wasiguse ukuta ili kazi yangu mbovu isijulikane. Nilikuwa nawahi mpira!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika jengo lile kusema jambo lisilo na chembe ya chumvi. Nilisubiri. Kwa sekunde mbili nilikuwa nao wote mkononi, kama zamani.

Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, na wote wakamfuata.

"Mzee Chumvi huyo!" Mwalimu Mkuu akasema, anajishika mbavu. "Nilikuwa nimewaonya. Kuwahi mpira, eti! Hiyo umeitunga leo asubuhi?"

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anachunguza dari kwa makini, kama mtu anayehesabu boriti.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kulikoni, mbona uso umekunjamana.

"Nimewaambia ukweli."

"Ehe? Ikawaje?"

"Hawajaamini."

Akakoroga chungu, mizunguko miwili mitatu. "Ungetia chumvi kidogo," akasema.